Damu ya Bi Zamu

"Mpe mama yako kiti, amesimama sana," muuza vitambaa alimwambia Filimbi.

Mama mwenyewe aliyesemwa alikuwa dada yake, tena pacha wake, walitoka tumbo moja asubuhi moja. Filimbi alifungua mdomo ili asahihishe, lakini dada mtu akamuwahi. Alikivuta kiti, akakaa, akaupakata mkoba wake, kisha akasema kwa upole, "Nilimzaa nikiwa mdogo sana. Ndiyo maana tunafanana." Muuza vitambaa alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli, na Filimbi ikabidi ageukie majora ya nguo asije akaangua kicheko.

Ndivyo alivyokuwa Bi Zamu. Jina hilo alipewa kazini. Alikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali kubwa ya mji, na tangu usichana wake mpaka alipostaafu alishika zamu ya usiku. Ukimwalika harusini, yuko zamu. Ukimwalika kwenye kikao cha ukoo, yuko zamu. Mwishowe jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu. Mdogo wake alifundisha michezo shuleni, na filimbi haikumtoka shingoni hata alipokuwa sokoni, basi naye hakuwa na pa kukwepea. Zamu na Filimbi, pacha wa miaka sabini na miwili. Mmoja alikuwa amepinda mgongo na kuvimba miguu, na mmoja bado alipanda ngazi akiruka kidato.

Siku hiyo walikuwa wanapita dukani tu. Safari yao hasa ilikuwa ya hospitalini. Kitengo cha utafiti kilikuwa kinatafuta pacha wazee, wafanane au wasifanane, ili wapime damu zao na kuona mwili unavyozeeka. Aliyewapeleka ni Filimbi. Alisoma tangazo ukutani kwenye zahanati, na kabla hajafika mwisho alikuwa ameshawaandikisha wote wawili.

"Wanataka damu yangu ya nini?" Zamu aliuliza. "Imeshachoka kama mimi."

"Hicho ndicho wanachotaka kujua, dada. Imechoka kiasi gani."

Chumba cha kutolea damu kilikuwa chembamba, na dirisha lake lilitazama ukuta wa jengo la pili. Kijana wa maabara alimalizana na Filimbi mara moja, kwani mshipa wake ulisimama wazi kama kamba. Kwa Zamu alihangaika. Alichoma mkono wa kulia, akakosa, akahamia wa kushoto, akakosa tena, na jasho likaanza kumtoka puani. Zamu hakukunja uso. Alimuuliza kama amekula asubuhi. Kijana akakiri kwamba hajala.

"Basi kaa kidogo. Mimi sina haraka, nimestaafu."

Kijana alikaa, akapumua, akacheka, na safari ile ya tatu damu ikaja yenyewe. Daktari wa utafiti, mama mwenye sauti ndogo na miwani iliyoshuka kila akiinama, aliwaeleza vile vichupa vya rangi rangi vinakwenda kutafuta nini. Kimoja kinaonyesha sukari ilivyokuwa kwa miezi kadhaa iliyopita, siyo ya leo tu, kwa hiyo mtu hawezi kujinyima jana akadanganya. Kingine kinaonyesha taka ambazo figo zilipaswa kuzichuja. Kuna cha mafuta, cha ini, cha wingi wa damu na madini ya chuma. Na kuna cha protini fulani ambayo hupanda mwili ukiwa na uvimbe wa ndani kwa ndani, ule usioonekana wala kuuma, lakini unaoula mwili taratibu.

"Watu wanaozeeka na afya yao," daktari alisema, "mara nyingi vipimo hivi huwa vimetulia miaka mingi kabla. Siyo wote. Lakini mara nyingi."

"Kwa hiyo damu inatabiri," Filimbi alisema.

"Inadokeza. Kutabiri ni neno kubwa."

Hilo la kudokeza Filimbi hakulisikia. Lilimwingia lake mwenyewe, la kutabiri.

Majibu yalipotoka, kila mmoja alipewa bahasha yake. Ya Filimbi ilikuwa kama barua ya pongezi. Sukari imetulia, figo zinachapa kazi, mafuta mahali pake, na ile protini ya uvimbe haikuonekana kabisa. Daktari alimwambia kwamba kwa vipimo vile, kama asingemwona kwa macho, angedhani ni mtu wa miaka hamsini na kitu. Kwa Zamu mambo yalikuwa mengine. Sukari ilikuwa imevuka mpaka, ile protini ilikuwa juu, na damu yenyewe ilikuwa pungufu. Daktari alitumia maneno ya taratibu. Zamu alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akaikunja bahasha mara mbili na kuitia mkobani chini ya leso.

Filimbi alivimba kichwa, tuseme ukweli. Siku ile ile watoto wake walijua, jioni majirani walijua, na ilipofika Jumapili, familia ilipokutana kula kwake, hakukuwa na habari nyingine mezani. Mwanawe mkubwa alimtania, "Mama, wewe utatuzika sisi sote." Wajukuu wakaanza kumwita Bibi Hamsini. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na katika raha ile ulimi ukateleza.

"Mimi na huyu tulizaliwa siku moja," alisema, akimwonyesha dada yake kwa kijiko. "Chakula kimoja, nyumba moja, mama mmoja. Tofauti ni kwamba mimi nilijitunza. Nimemwambia miaka yote, dada, tembea, dada, lala mapema. Haya, sasa damu imesema."

Zamu alimalizia kilichokuwa mdomoni, akafuta vidole, akasema chakula kilikuwa kizuri, na akaanza kukusanya sahani. Binti wa Filimbi alitaka kumzuia. "Shangazi mkubwa, acha, tutaosha." Alimwita hivyo tangu utotoni kwa kosa la mtoto, na hakuna aliyewahi kumrekebisha. Zamu alimpa sahani moja aishike, ili naye ajione amesaidia, na akaendelea na nyingine.

Wiki chache baadaye daktari aliwaita tena. Utafiti ulikuwa na sehemu ya pili, ya maswali ya maisha. Mtu umefanya kazi gani, umelala vipi, umeuguza nani, umekula saa ngapi. Daktari aliwauliza kama wangependa kuingia mmoja mmoja. Zamu akasema, "Tumekaa pamoja tumboni, kwenye kiti tutashindwa?" Wakaingia wote.

Filimbi aliulizwa kwanza. Alisimulia shule, uwanja, mazoezi ya alfajiri, safari za mashindano na timu za wasichana, vikombe vilivyojaa kabatini mwa mwalimu mkuu. Amelala vizuri? Sana, akigusa mto tu amekwenda. Ameuguza mtu? Alifikiri. Hapana, siyo kwa muda mrefu.

Kisha zamu ikawa ya dada yake.

Kazi ya usiku, miaka yote? Miaka yote. Na mchana alilala saa ngapi? "Inategemea," Zamu alisema. "Baba alipopooza nilikuwa namgeuza ubavu kila baada ya muda, asipate vidonda. Sasa unalala huku sikio moja limeamka. Hilo lilikwenda miaka tisa, mpaka alipotutoka." Na kabla ya hapo? "Kabla ya hapo kulikuwa na watoto nyumbani." Wake? "Sikujaliwa. Wa mdogo wangu. Yeye alikuwa anasafiri na timu, na baba yao alikuwa mtu wa safari vilevile. Watoto wadogo hawajui kwamba mchana ni usiku wa mtu." Alikuwa anakula saa ngapi? "Nikisimama. Wodini hukai chini, ukikaa tu kengele inalia." Dawa anazotumia? Vidonge vya maumivu ya mgongo. Tangu lini? Hapo Zamu aliangalia dari. "Tangu nianze kuwanyanyua wagonjwa."

Daktari aliandika. Filimbi alikuwa ameikazia macho sakafu. Hakuna hata moja alilosikia ambalo hakulijua. Baba yao alipopooza alijua, watoto walibaki kwa nani alijua, kwa kuwa ni yeye aliyewapeleka, na mifuko yao ya nguo alikuwa ameifunga kwa mikono yake. Ila alikuwa akiyajua moja moja, kila moja kwa siku yake. Hakuwahi kuyaona yamekaa kwenye kiti kimoja, yamevaa miguu iliyovimba.

"Daktari," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya uwanjani. "Ni hayo ndiyo yaliyo kwenye damu yake?"

Daktari alivua miwani. "Siwezi kukuapia. Kuna mambo mengi, na mengine ni bahati tu. Lakini tunajua kwamba kukesha kwa miaka, kuuguza, na kula ovyo huacha alama mwilini. Damu inaonyesha kilichoupata mwili, mama. Haisemi nani alikuwa mzembe."

Kisha alimgeukia Zamu na kumwambia jambo lililomfanya awaite mapema. Damu kupungua katika umri ule huwa ina sababu, na hivyo vidonge vya mgongo vilimtia wasiwasi. Alitaka aangaliwe tumbo, kwa ule mpira mwembamba wenye kamera ambao mgonjwa huumeza.

Walitoka nje. Kwenye benchi la kituo cha basi Filimbi alishindwa kuvumilia.

"Dada, ile Jumapili nilikukosea. Nilikukosea mbele ya watoto uliowalea wewe."

"Ulikosea," Zamu alikubali.

"Na miaka yote hiyo mimi nilikuwa nakimbia uwanjani, wewe unabeba mizigo yangu. Nikikuangalia najiona mwizi."

Zamu alimgeukia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikasirika. "Sasa hapo ndipo unaponikosea zaidi. Nani kakwambia nilibeba mizigo yako? Nilipenda ile kazi. Unajua wodi inavyokuwa kunapopambazuka, mtu uliyedhani hataamka anafumbua macho na kukuuliza chai iko wapi? Baba alikufa ngozi yake haina kidonda hata kimoja, kama mtoto mchanga. Hiyo ni kazi ya mikono yangu, na naijivunia. Na watoto wako, nani atanilipa raha niliyoipata? Nilichagua mwenyewe, mdogo wangu. Ukinionea huruma, unaninyang'anya."

Basi lilipofika Filimbi alimpisha dada yake akae dirishani.

Siku ya kipimo, yule Zamu aliyekesha na maelfu ya wagonjwa aliingiwa na hofu. Alikuwa amesimama kando ya vitanda maisha yake yote, hakuwahi kulala juu ya kimoja mchana watu wakimtazama. Aliuliza maswali yasiyokwisha, mara aende msalani, mara shuka lina unyevu. Filimbi aliushika mkono wake na kuubana.

"Siyo hivyo," Zamu alisema akiwa amefumba macho. "Mgonjwa hashikwi kama kijiti cha mbio za kupokezana. Weka kiganja chini, mwache yeye akushike."

Filimbi aliweka kiganja chini. Dada yake akamshika.

Walikuta vidonda vya tumbo viwili, vimekuwa vikivuja damu kidogo kidogo kwa muda usiojulikana, na sababu ni vile vidonge. Daktari wa tumbo alisema wamevikuta mapema. Vingeachwa, siku moja kimojawapo kingefumuka, na katika umri ule lisingekuwa jambo dogo. Akapewa dawa za kukausha vidonda, vidonge vya chuma, na akakatazwa kabisa vile vya mgongo. Badala yake alipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mwenye mabega mapana aliyemfundisha namna ya kuinuka kitandani na namna ya kuinama. Zamu alimheshimu sana, na alirudi nyumbani akimlaumu kila mtu kwa kuinama vibaya.

Baada ya hapo Filimbi alikuja na mpango. Watatembea kila asubuhi kuzunguka uwanja wa shule, polepole, kisha wataongeza mwendo. Zamu alikwenda siku mbili. Ya tatu alikaa chini kwenye ngazi.

"Tunazunguka, tunarudi palepale," alisema. "Tumemletea nani nini?"

"Tumeiletea damu yako afya."

"Damu yangu haijazoea kutembea bila kazi."

Asubuhi iliyofuata alivaa viatu vyake vya zamani vya wodini, vyeupe, vya kamba, akatoka. Filimbi alimfuata. Zamu alitembea njia yote mpaka hospitalini, mwendo ambao mdogo wake asingethubutu kumpangia, akipumzika kwenye kila benchi. Alikwenda kwa muuguzi mkuu wa wodi ya wazee na kumwomba ruhusa ya kukaa na wale wasio na wa kuwatazama. Kila wodi ina watu wa namna hiyo. Chakula kinaletwa, kinapoa, kinaondolewa, kwa sababu hakuna wa kukishika kijiko. Muuguzi mkuu, ambaye alianza kazi akiwa msichana chini ya macho ya Zamu, hakusita hata kidogo. "Ingia tu, mama. Kitanda cha dirishani hajala tangu jana."

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yake, asubuhi anakwenda kwa miguu, mchana anarudi, usiku analala. Kulala usiku kulimpa shida mwanzoni. Mwili wake ulikuwa umezoea kuamka watu wanapolala, na muda mrefu baada ya kustaafu bado ulikuwa unasubiri kengele. Taratibu ukaelewa.

Filimbi naye alijiunga, na huko ndiko alikoonja adabu. Bibi Hamsini, mwenye figo za kusifiwa, kufika saa sita alikuwa hoi. Hakujua kwamba kukaa kimya karibu na mtu anayeumwa kunachosha kuliko kukimbia. Siku moja alikuwa anamlisha uji mzee mmoja, fundi saa mstaafu ambaye mikono yake ilitetemeka, na dada yake akamjia nyuma.

"Unamlisha au unashindana naye?"

"Unapoa, dada."

"Upoe. Ngoja ameze, akutazame, ndipo upeleke kijiko kingine."

Fundi saa akameza, akatazama juu, akasema polepole kwamba huyu mwenye viatu vyeupe ndiye aajiriwe, huyu mwingine arudishwe uwanjani. Zamu alicheka mpaka akajishika mbavu. Filimbi alipunguza mwendo wa kijiko, akangoja, na asubuhi ile bakuli likaisha.

Usiku, peke yake, alikuwa akimfikiria yule mwanamke wa zamani aliyekuwa akifanya hivi usiku kucha kwa wodi nzima, kisha anarudi nyumbani kumgeuza baba ubavu, kisha anawafunga watoto wa mtu kamba za viatu. Haikumjia tena kumhurumia, kwa kuwa alikatazwa. Kilichobaki ni kumstaajabia, na hilo hakuna aliyemkataza. Jumapili moja alisimama mezani, mbele ya wale wale waliokuwepo, akayasema yote: kazi, baba, watoto, vidonda vya tumbo. Mwanawe mkubwa aliinamisha kichwa. Binti yake aliondoka kitini, akaenda kumkumbatia shangazi mkubwa kwa nyuma, akabaki pale. Zamu aliona haya, akasema wali unapoa.

Mwaka ulipozunguka walipimwa tena. Damu ya Zamu ilikuwa imejaa kama inavyotakiwa. Sukari ilikuwa imeshuka, imebaki inachungulia mpakani. Ile protini ya uvimbe ilikuwa imepungua pia, lakini bado ilikuwa juu kuliko ya mdogo wake, na daktari hakuwaficha kwamba huenda isishuke zaidi ya hapo. Mwili una mambo unayoyasamehe na mengine unayoyaweka.

"Umesikitika, mama?" daktari alimuuliza.

Zamu aliisoma karatasi, mkono ukiwa mbali kama wasomavyo watu waliosahau miwani. "Hapana. Hii iliyobaki naijua ilikotoka," alisema. "Ningekuwa na damu safi kabisa ningedhani mmechanganya vichupa."

Filimbi alipewa yake. Ilikuwa nzuri, ila sukari ilikuwa imepanda kidogo. Daktari akasema si neno, ni umri. Wakiwa njiani Zamu alimshauri atembee na alale mapema, kwa uso mkavu kabisa, na Filimbi akapokea ushauri ule bila kunung'unika.

Sasa wana miaka sabini na mitano. Mgongo wa Zamu haukunyooka na hautanyooka, na watu bado wanamdhania mama wa mdogo wake. Utafiti unaendelea, na kila mwaka kijana wa maabara humwita yeye kwanza. Wodini ana kiti chake karibu na dirisha, na wahudumu wapya huelekezwa kwake wakafundishwe kugeuza mgonjwa bila kumuumiza. Juma hili amegombana na watu wa jikoni kuhusu chai inayoletwa vuguvugu. Amewaambia atarudi kesho kuionja tena, na Filimbi, anayemfahamu, ameshawatahadharisha kwamba kweli atarudi.